Ilani ya Ngumbaru wa Muziki, Njombe na Makambako

Ndugu zetu wa Njombe na Makambako, wa Wanging'ombe, Ludewa na Makete! Madereva mnaolala Makambako mkisubiri mzigo, mafundi cherehani, walimu, wauza mbao, akina mama mnaopanga viazi sokoni, wastaafu wa reli: wakati umefika. Mlitamani gitaa mkiwa wadogo, mkaambiwa someni kwanza, mkasoma. Mkaambiwa jengeni kwanza, mkajenga. Mkaambiwa somesheni watoto kwanza, mkasomesha. Sasa hakuna "kwanza" nyingine iliyobaki. Shikeni ala.

Tunakataa amri iliyodumu vizazi na vizazi, kwamba ala ya muziki hushikwa utotoni au haishikwi kabisa. Amri hiyo imekwisha kushindwa, na ushahidi wake husimama mbele yetu kila Jumapili: wanakwaya arobaini, mpiga kinanda mmoja. Kijana huyo akipata ajira Mbeya au nafasi ya chuo Iringa, wale arobaini hubaki wakiimba kavu, wakingoja mtoto mwingine akue. Ni utaratibu gani huu unaongoja mtoto akue ilhali watu wazima arobaini wamesimama pale pale, masikio wazi, wimbo wanaujua mwanzo hadi mwisho? Tunaikataa amri hiyo pamoja na methali iliyoilinda. Samaki akunjwe angali mbichi, sawa. Sisi si samaki.

Tunaamini kwamba suala la mtu mzima kujifunza liliamuliwa zamani katika nchi hii, na halirudi mezani. Sensa ya 1967 iliwakuta watu wazima takribani wawili katika kila watatu hawajui kusoma wala kuandika. Mwalimu Nyerere akautangaza mwaka 1970 kuwa Mwaka wa Elimu ya Watu Wazima. Wazee wetu wakakaa madarasani jioni, wametoka shamba, mikono iliyozoea jembe ikishika kalamu na kuikandamiza mpaka inatoboa karatasi. Wakaitwa ngumbaru. Wakachekwa na wajukuu. Wakaendelea. Kufikia 1977, takwimu za serikali zilisema wasiojua kusoma wamebaki asilimia 27. Bibi aliyeandika jina lake kwa mara ya kwanza akiwa na mvi ndiye kiongozi wetu, hata kama hakuwahi kugusa kinanda. Nasi tunajiita ngumbaru bila haya, na anayetaka kucheka acheke mapema, kwa sababu baadaye atataka kucheza.

Tunaamini pia katika namna walivyojifunza, si katika ujasiri wao tu. Mwaka 1973 ilikuja kampeni ya redio ya Mtu ni Afya. Watu wanaokadiriwa kufikia milioni mbili walikaa katika vikundi nchi nzima: redio moja katikati, kiongozi mmoja wa kikundi, kijitabu, kisha mjadala, kisha kazi yenyewe. Hawakurudi nyumbani na nadharia, walichimba vyoo. Sisi mahali pa redio tuna simu, na ndani ya simu kuna masomo ya gitaa, kinanda na tarumbeta yasiyoisha, kwa anayemudu bando. Kilichopotea njiani ni kikundi. Ajifunzaye peke yake chumbani huliacha gitaa mara ncha za vidole zinapoanza kuuma, tena huapa kwamba hakuzaliwa nalo. Anayengojwa na wenzake sita hurudi kesho na vidole vyake vinavyouma, akawakuta wenzake nao wanavipuliza vyao. Baada ya majuma machache ngozi hukomaa. Hakuna siri nyingine.

Tunakataa uongo kwamba tunaanza bila kitu. Ndugu mwanakwaya, wewe uliyesimama sauti ya tatu miaka yote hiyo ukisoma do, re, mi zilizoandikwa kwa chaki ubaoni: unafikiri ulikuwa unafanya nini? Mfumo ule wa solfa ulitungwa Uingereza katika karne ya 19, John Curwen akiuendeleza kutoka kwa mwalimu mmoja wa Norwich, Sarah Glover, hasa ili watu wa kawaida wasio na ala wala fedha za mwalimu waweze kuusoma muziki. Wamisionari wakauleta, kwaya zetu zikauchukua zikaufanya wao. Wapo Ulaya watu waliosoma piano miaka mingi wasioweza kuuangalia ubao na kuimba papo hapo kama wewe. Unajua umbali wa do na mi kwa koo lako. Sasa uwekee vidole. Piga do, mi na so pamoja: hiyo ni kodi yako ya kwanza (ya muziki, ndugu, si ya TRA). Piga fa, la na do: ya pili. So, ti na re: ya tatu. Kwa hizo tatu utabeba sehemu kubwa ya nyimbo unazoimba kila juma, na utashangaa ulikuwa ukizipita karibu namna ile bila kujuana nazo.

Hatumsimangi mpiga kinanda anayepiga nyimbo zote kwenye ufunguo mmoja, kisha akabonyeza kitufe cha kupandisha wimbo ukiwa chini. Kitufe hicho kimeokoa misa nyingi. Lakini sisi tutajifunza funguo zote, polepole, maana haraka ya kwenda wapi hatuna.

Tunakataa mgawanyo wa kale unaompa mwanamume gitaa na kumwachia mwanamke kayamba. Siti binti Saad, mfinyanzi wa Fumba aliyetembeza vyungu akiviuza, alihamia mjini Unguja mwaka 1911 akiwa amevuka miaka 30. Huko ndiko alikofundwa muziki na watu wa taarabu, na mwaka 1928 sauti yake ikanaswa kwenye sahani za santuri Bombay. Kwa hesabu ya wale wenye amri, alikuwa amechelewa. Kwa hesabu ya Afrika Mashariki nzima, alifika mbele ya wanawake wote. Mama wa Njombe mwenye miaka 41 asituambie kitu kuhusu umri.

Tunakataa pia hofu iliyovaa koti la sayansi, ile isemayo ubongo ukikomaa umefungwa. Mwaka 2004 watafiti wa Ujerumani waliwafundisha watu wazima kurusha na kudaka mipira mitatu kwa miezi mitatu, wakawapiga picha za ubongo kabla na baada. Sehemu zinazohusika na kazi hiyo zilikuwa zimenenepa. Wajifunzaji walipoacha mazoezi, zikaanza kusinyaa tena. Hapo ndipo penye sheria yetu: dakika ishirini kila siku ni bora kuliko saa tatu za Jumamosi. Mtoto anayo faida yake, hatubishi; sikio linalotambua noti bila kulinganisha ni nadra sana kupatikana ukubwani. Nasi tunayo yetu. Tunajua tunachotaka kupiga, na hakuna aliyetutuma.

Tunaamini katika ligombo. Ubao uliochimbwa kama hori dogo, nyuzi zimetandazwa juu, mpigaji anaimba habari za vita na za watawala huku vidole vikijibu: hiyo ndiyo ala ya nyanda hizi kabla ya gitaa lolote kushuka melini. Hugh Tracey alipopita Tanganyika mwaka 1950 na mashine yake ya kurekodi, aliikuta kwa Wahehe, ikiwa hai. Leo kijana wa mjini Njombe anaweza kutaja gitaa za aina tano na asijue kwamba babu yake alikuwa na ala. Sisi hatutaiweka makumbusho. Tutawatafuta wazee wachache wanaojua kuichonga na kuipiga, tukae miguuni pao tungali nao, na kila darasa letu la gitaa litakuwa na ligombo pembeni. Mbao tunazo. Mkoa huu unapeleka misonobari nchi nzima ikaezekwe kwenye nyumba za watu. Usishindwe kubakiza ubao mmoja wa kuimba.

Tunaamini katika Njombe inayokuja. Tunaiona Juni, mji uko karibu mita 2,000 juu ya bahari, ukungu umeshuka mpaka barabarani, na watu wazima wanaota moto si kwa kukimbia baridi tu bali kulainisha vidole kabla ya zoezi la jioni. Tunaiona Makambako, mahali ambapo barabara kuu na reli ya TAZARA hukutana na njia ya Songea, ikijulikana kwa kitu kingine zaidi ya kuchimba dawa na kununua chipsi: dereva wa lori ana gitaa nyuma ya kiti, somo alilolipata hapa anamfundisha mwenzake Tunduma, na yule wa Tunduma analivusha mpaka. Tunaiona harusi ambayo baba wa bibi harusi ndiye anayepiga bezi, na hakuna spika ya kukodi. Tunauona msiba ambao majirani hawaji na mchango wa unga peke yake. Tunamwona mzee wa kaswida aliyepiga dufu tangu ujana akijifunza udi, na mstaafu akipiga vibaya kabisa, kwa furaha, kila asubuhi, jirani akivumilia kwa sababu naye ana filimbi.

Hatuahidi kumzaa Mbaraka Mwinshehe mwingine. Yule aliondoka mwaka 1979 akiwa na miaka 34, na gitaa lake lilikuwa lake. Tunachodai ni kidogo na ni kikubwa zaidi: mji ambao kupiga ala ni kama kusoma gazeti, jambo la mtu yeyote.

Basi tunasema kwa walio na funguo za milango. Viongozi wa makanisa, vinanda vyenu hulala chini ya kitambaa Jumatatu hadi Ijumaa. Vifunueni, na chumba cha kwaya kiachwe wazi jioni. Waalimu wa kwaya, tupeni saa moja kwa juma, nasi tutalipa umeme na betri za siku TANESCO wakikata. Maafisa utamaduni wa halmashauri, msitujengee chuo. Bagamoyo na Zanzibar wanavyo, ni mbali na ni vyema. Tutafutieni ukumbi. Wenye gitaa lililotundikwa ukutani, nyuzi zimeota kutu, lileteni, nyuzi tutanunua kwa mchango. Kikao cha kwanza hakina kiingilio, hakina mgeni rasmi, hakina hotuba. Kila atakayekuja atapiga do, kisha mi, kisha so, na zamu itazunguka mpaka wa mwisho amepiga.