Sanamu Ivikwe Tangu Mwanzo

Mtu huzaliwa uchi, lakini hazikwi uchi. Kati ya siku ile ya kwanza na siku ile ya mwisho, nguo ni mlango wa nyumba yake, na mlango huo hufunguliwa na mwenyewe kwa ridhaa yake. Anayeufungua bila ruhusa ni mwizi, hata kama hakuchukua kitu. Hayo hayana mabishano miongoni mwa watu wenye adabu. Lakini siku hizi umezuka ufundi mpya, ufundi mzuri wenye sifa nyingi, ambao mafundi wake huufungua mlango huo bila kubisha hodi, na wengi wao hawajui kuwa wameufungua. Ufundi huo ni uchongaji wa sanamu za watu ndani ya kompyuta. Nataka kupingana na desturi yake moja, nawe msomaji nakuomba uwe mwamuzi.

Kwanza tuijue kazi yenyewe. Mchongaji wa kompyuta hana patasi wala udongo. Huanza na tufe lililo mfano wa donge la unga uliokandwa, likionekana juu ya kioo cha mashine. Tufe hilo limefumwa kwa vipande vidogo vya pembe tatu au pembe nne, maelfu kwa maelfu. Fundi huvisukuma, huvivuta na huvilainisha, mpaka pua ikatokea, na kidevu, na mabega. Pembeni huweka picha za mtu anayemwiga, moja ya mbele na nyingine ya ubavuni, akapima kwa macho. Programu za kazi hiyo si mali ya matajiri peke yao. Moja iitwayo Blender hutolewa bure kwa walimwengu tangu mwaka 2002. Kwa hiyo kijana wa Huruma na kijana wa London waweza kushika chombo kile kile asubuhi ile ile, na hilo ni jambo la kushangilia.

Lakini sanamu ya mtu haina budi kuvaa. Hapo mafundi wengi hufuata njia iliyozoeleka: huumba kwanza mwili mzima, uchi, kisha hutengeneza nguo na kuiangusha juu yake. Nguo hiyo hupewa uzito na ugumu wake, ya pamba mbali na ya hariri, ikashuka, ikagonga mabega, ikajikunja kiunoni. Mwili hubaki chini kama tabaka jingine, na kwa kubonyeza mara moja nguo huondoka, kwa kubonyeza tena hurudi. Desturi hiyo ndiyo ninayoipinga, sanamu inapokuwa ya mtu halisi mwenye jina lake na majirani zake.

Nieleze nilivyoiona. Huruma ni mtaa wa mashariki ya Nairobi, karibu na Mto Mathare, wenye nyumba za ghorofa zilizobanana hata jirani aweza kumpa jirani chumvi dirishani. Kila roshani ina kamba, na kila kamba ina nguo zilizofuliwa. Atazamaye majengo hayo mara ya kwanza huona umaskini. Akitazama tena huona heshima, kwani watu waishio katika chumba kimoja hufua bila kuchoka ili watoke nje wakiwa safi. Huko nilimjua kijana mmoja mwenye kipawa na tabia njema, aliyejifunza uchongaji huo. Alipenda kumchonga mama auzaye maandazi kando ya njia iendayo Kiamaiko. Akamwomba ampige picha za uso, na mama akakubali kwa furaha. Kijana akafanya kazi majuma matatu. Jioni moja akaja na kompyuta yake, wateja wakiwa wamesimama, akaifunua. Lo! Alikuwa mama yule yule: kitambaa kichwani, sweta lililochakaa viwiko, leso iliyofungwa kiunoni juu ya rinda, na tabasamu lake la upande mmoja. Wanawake wakapiga vigelegele.

Ndipo mtu mmoja akauliza mikunjo ya leso ilifanywaje. Kijana, kwa moyo mweupe, akabonyeza ili aeleze. Nguo zikatoweka. Chini yake ulikuwako mwili ambao haukuwamo katika picha yoyote, aliubuni mwenyewe. Vicheko vikalipuka. Mama hakucheka. Alifuta mikono yake, akasema polepole: "Mwanangu, mimi nilikupa uso wangu. Huyo uliyemweka chini ya leso yangu ni nani?" Kijana akakosa la kujibu, akaifunga mashine. Tangu siku ile nimelitafuta jibu hilo kwa niaba yake, nami sikulipata.

Sasa na tuwasikilize watetezi wa desturi hiyo, maana si haki kumhukumu mtu asiyesikilizwa.

Husema kwanza kwamba nguo haiwezi kukaa vizuri pasipo mwili. Hoja hii ina nusu ya ukweli. Nguo hukalia umbo, haikalii utupu. Fundi cherehani hutundika gauni juu ya kiwiliwili cha mbao au cha waya, kisicho na kichwa wala alama, na gauni hukaa vyema. Mchongaji naye aweza kuiangusha nguo yake juu ya gogo laini lenye mabega na kiuno tu, na nguo ikishatulia akalifuta gogo hilo. Tena watengenezaji wa michezo ya kompyuta wana mazoea ya kuzifuta sehemu zilizofunikwa na nguo, ili mashine isibebe mzigo usioonekana. Basi jambo ambalo wao hulifanya kwa faida ya mashine, sisi twashindwaje kulifanya kwa heshima ya mtu?

Ushahidi mwingine umesimama katikati ya jiji, katika barabara iitwayo kwa jina lake Dedan Kimathi. Shujaa huyo alikamatwa tarehe 21 Oktoba 1956, akanyongwa katika gereza la Kamiti tarehe 18 Februari 1957. Picha yake iliyoenea kuliko zote ilipigwa siku za kukamatwa kwake: amelala, amejeruhiwa, kifua wazi, mikono katika pingu. Waliomshinda walitaka aonekane hivyo. Miaka 50 baadaye, tarehe 18 Februari 2007, ilifunuliwa sanamu yake iliyochongwa na Kevin Oduor. Mchongaji huyo alimsimamisha, akamvika koti la kijeshi, akamtia bunduki mkono mmoja na kisu mkono mwingine. Angalia nguvu ya nguo! Picha ilimvua, sanamu ikamvika. Na wapitao leso yao ya heshima humtolea yule aliyevikwa. Hakuna auulizaye mwili ulio chini ya koti lile, na koti halikupungukiwa na kitu.

Husema pili kwamba sanaa kubwa za dunia zilichonga miili bila nguo. Ni kweli, Wagiriki wa kale waliwachonga hivyo miungu yao. Lakini mungu wa Wagiriki hauzi maandazi kesho asubuhi mbele ya wale waliomcheka. Watetezi wakitaka mfano wa mtu halisi, nitawapa mimi mwenyewe. Mwaka 1776 Mfaransa Jean-Baptiste Pigalle alimaliza sanamu ya mwandishi Voltaire, mzee aliye uchi. Uso ulikuwa wa Voltaire, lakini mwili aliuiga kwa askari mmoja mzee. Watu walishangaa, wengine wakadhihaki. Hata hivyo Voltaire alikuwa hai, alipata habari, akanung'unika, na mwishowe akaridhia kwamba mchongaji awe huru. Jambo lililoiokoa sanamu ile ni ridhaa ya mwenye uso. Ukiondoa ridhaa hiyo hubaki uso wa mtu juu ya kiwiliwili cha mwingine, na swali la mama wa Huruma hurudi palepale. Mwanafunzi atakaye kuujua mwili wa binadamu na ajifunze kwa miili isiyo na jina na kwa vitabu vya mifupa na misuli. Mwili usio na jina haumwaibishi mtu.

Husema tatu kwamba hayo yote ni vitone vya nuru, wala hakuna aliyeguswa. Wenye kusema hivyo nawauliza: fedha zilizo katika simu yako ni nini? Tangu M-Pesa ilipoanza mwaka 2007 tumeishi na fedha zisizoshikika, tarakimu tupu. Lakini zikiibwa, mwenyewe hulia machozi yanayoshikika. Ikiwa tarakimu zaweza kubeba jasho la mtu, hapana shaka zaweza kubeba uso wake na aibu yake.

Husema mwisho kwamba tabaka lile limo katika mashine ya fundi, na hapana atakayeliona. Hoja hii ndiyo hatari kuliko zote, kwa kuwa ina sura ya upole. Mashine huazimwa, huibwa, hupelekwa kwa mtengenezaji. Na faili likinakiliwa mara moja halirudi tena. Kijana wetu hakukusudia kumwonyesha mtu ubaya, na bado ilitosha kidole kimoja.

Nchi yetu imekwisha kulipima jambo hili, japokuwa kwa mizani miwili. Mwezi wa Novemba 2014 wanawake waliandamana Nairobi baada ya kundi la wanaume kumvua nguo mwanamke hadharani kwenye kituo cha magari. Mwezi uliofuata ikatungwa sheria: amvuaye mwenzake nguo afungwe kwa muda usiopungua miaka 10. Sheria ya mwaka 2018 ya makosa ya kompyuta, katika kifungu cha 37, iliweka adhabu kwa asambazaye picha ya utupu ya mtu: faini isiyozidi shilingi 200,000, au kifungo kisichozidi miaka 2, au vyote viwili. Tazama tofauti hiyo. Tena kifungu hicho chamngojea msambazaji. Mtengenezaji aliyeketi peke yake usiku hana askari ila dhamiri yake. Kuhusu ridhaa, ipo Sheria ya Kulinda Data ya mwaka 2019. Mwezi wa Septemba 2023 shule moja ya Nairobi ilitozwa faini ya shilingi 4,550,000 kwa kutangaza picha za wanafunzi bila idhini ya wazazi. Wanafunzi hao walikuwa wamevaa nguo zao! Ikiwa picha ya mtoto aliyevaa yahitaji idhini, yahitajije kidogo sanamu ya mtu iwezayo kuvuliwa?

Nijuavyo, baadhi yenu mnaosoma kurasa hizi mtakuwa mafundi wa kazi hiyo, na wengine mmekwisha kuanza kwa siri nyuma ya madaftari. Sikukatazi, nakusihi uifanye kiungwana. Mwombe mtu ruhusa ya umbo lake, si ya uso peke yake. Muulize atavaa nini, kama walivyoulizwa babu zetu waliokwenda kupiga picha studio wakiwa na suti zao bora, au koti la kuazimwa palepale. Ianze sanamu kwa nguo: chonga rinda kama rinda, leso kama leso, na chini yake pasiwe na kitu. Ukitumia gogo la kutundikia nguo, lifute. Na kazi ikiisha, mwonyeshe mwenyewe kabla ya kuwaonyesha wengine.

Wazee walisema kwamba aibu ya maiti aijuaye mwosha. Mwosha huona asichoona mwingine, kwa kuwa kazi yake yamlazimu. Naye husifiwa kwa kunyamaza na kufunika. Mchongaji wa kompyuta ana daraja kama hilo, lakini dhambi yake yaweza kuwa kubwa zaidi, kwani mwosha huona aibu iliyopo, naye mchongaji huumba isiyokuwapo.

Yule kijana alirudi kwa mama baada ya siku chache. Alilifuta tabaka lile mbele ya macho yake, akaanza upya, na safari hii akamuuliza achague. Mama hakuchagua sweta wala leso ya kazini. Alichagua gauni lake la Jumapili, ambalo wateja wake walikuwa hawajaliona kamwe. Kijana aliniambia kwamba mikunjo ya gauni hilo ilimpa taabu kuliko ya leso, kwa kuwa chini yake hapakuwa na mwili wa kumwongoza. Nikamjibu kwamba taabu hiyo ndiyo ada ya ufundi, na kwamba asiyetaka kuilipa asichonge watu, achonge mawe.