Majina Mengi, Majamvi Matupu

Ndugu Wanachama,

Tukiulizwa chama chetu kina nguvu gani, sisi hufungua daftari tukasoma idadi ya majina. Jibu hilo sasa latutia haya. Katika mkutano uliopita majamvi yalibaki matupu, na hesabu ya fedha zenu ikapitishwa na wazee wachache waliokuwa wakingojea Magharibi. Kesho yake wengine wakaja kulalamika, tena barazani!

Kila mkulima ajua kuwa karafuu mbichi humdanganya mtu. Jioni pishi zikipimwa huwa nyingi, moyo ukafurahi. Zikianikwa zikakauka, kilo 3 hurudi kiasi cha kilo 1. Daftari letu ni karafuu mbichi. Si sisi peke yetu: katika uchaguzi mkuu wa Tanzania wa mwaka 2010, waliopiga kura hawakufika 43 katika kila 100 walioandikishwa.

Tulipovuka kwenda Dar es Salaam kwa shughuli za chama tulifikia Ilala, tukapata nafasi ya kutembea Kariakoo, katika Mtaa wa Lumumba, ambao zamani ukiitwa New Street. African Association, iliyoanzishwa mwaka 1929, ilikuwa na nyumba yake hapo, na wanachama waliijenga wenyewe kwa kujitolea. Nyumba ile haipo tena, lakini ndimo TANU ilimozaliwa tarehe 7 Julai 1954. Tulisimama pale kati ya mikokoteni na wauza vitambaa (na mmoja alitusukuma hasa!) tukawaza kuwa watu wale wangeweza kulipa ada wakaenda zao kulala. Walitoa na mikono.

Mwaka uliofuata, 1955, Bibi Titi Mohamed alipewa kazi ya kuwaingiza wanawake katika TANU. Hakubandika tangazo akakaa kungoja. Yeye alikuwa mwimbaji wa kikundi cha ngoma cha Bomba, basi aliwaendea viongozi wa vikundi vya ngoma mjini, kwani huko wanawake walikuwa wamekwisha zoea kukutana, kuchanga na kusikilizana. Kwa muda wa miezi michache wakaingia kiasi cha 5,000.

Hapo hatuna budi kukiri kosa letu. Sisi hubandika karatasi mlangoni pa ghala tukasema watu wamealikwa. Wanawake wanaochambua na kuanika karafuu zetu wana vikundi vyao vya kuwekeana fedha, na humo hesabu husomwa mbele ya wote, senti kwa senti. Hatujapata kuwaendea hata siku moja.

Wako wanaosema kuwa mwenye kulipa ada amekwisha timiza wajibu wake. Hatukubali. Tukienda kuzungumza bei na Shirika la Biashara la Taifa la Zanzibar, tutasema kwa niaba ya nani, ikiwa wenyewe hawakuja kutuambia wanataka nini?

Basi kuanzia msimu huu karani ataandika aliyehudhuria, aliyesema, na aliyeuliza juu ya fedha, na hesabu hiyo tutaichapa humu kila mara, hata ikituaibisha. Wajumbe watavitembelea vikundi vya wanawake kabla ya mkutano, si baada yake. Mkutano ni Jumamosi ya kwanza ya mwezi ujao, baada ya Alasiri, ghalani. Kitabu cha fedha kitakuwa mezani tangu asubuhi, na kila mwanachama ana ruhusa ya kukifunua.

Wassalaam,
Katibu