Jeshi Lipime Mito Wakati wa Kiangazi

Si ajabu jeshi kufanya mazoezi ya vita wakati wa amani. Ajabu, kwa maoni yangu, ni kungoja mafuriko ndipo wanajeshi waitwe kuokoa watu, kama ilivyokuwa nchini mwetu mwaka wa 2024.

Wamarekani walijifunza kwa machungu. Mwaka wa 1927 mto Mississippi ulibomoa kingo zake na kuwafurusha makwao zaidi ya watu 600,000. Miaka miwili baadaye, wahandisi wa jeshi lao walipewa kituo cha utafiti wa maji mjini Vicksburg. Kuanzia 1943, kwa jasho la mateka wa vita wa Kijerumani, walijenga karibu na mji wa Jackson mfano wa mto huo na matawi yake, uliotanda ekari 200 hivi. Humo siku nzima ya mto ilipita kwa dakika zisizotimia 6. Mto Missouri ulipofurika mwaka wa 1952, majaribio ya humo yaliwaonyesha kingo za kuimarishwa, na miji ya Omaha na Council Bluffs ikanusurika.

Leo kompyuta hufanya kazi hiyo; hatuhitaji ekari 200. Nasadiki kwamba wahandisi wa jeshi letu, wakishirikiana na vyuo vikuu, wanaweza kuipima mito Nzoia na Tana kabla ya masika. Nanyi walimu, wanafunzi wasikariri majina ya mito tu; wachimbe mfereji uani, wamwage maji, wapime. Usipoziba ufa utajenga ukuta.