Waridi la Naivasha: Ushuru umeondoka, lango bado jembamba

Julai 1, 2024, Mkataba wa Ubia wa Kiuchumi kati ya Kenya na Umoja wa Ulaya ulianza kutumika rasmi. Kwa wakulima wa mawaridi wa Naivasha, Nakuru, Thika na maeneo ya miinuko yanayouzunguka Mlima Kenya, siku hiyo ilihitimisha takriban muongo mmoja wa wasiwasi kuhusu iwapo maua yao yangeendelea kuingia Ulaya bila kutozwa ushuru.

Furaha hiyo haikutimiza mwaka. Kuanzia Aprili 26, 2025, Umoja wa Ulaya uliweka masharti mapya kwa mawaridi yote yatokayo katika nchi za Afrika anakopatikana nondo ajulikanaye kitaalamu kama Thaumatotibia leucotreta. Tangu hapo ukaguzi wa maua kabla ya kupakiwa ndegeni peke yake hautoshi. Mkulima anatakiwa kuthibitisha kwamba shamba lake limemzuia mdudu huyo katika kila hatua, tangu mche hadi sandukuni.

Matukio hayo mawili, yaliyopishana kwa miezi isiyozidi kumi, yanaonyesha jinsi mapambano ya sekta ya maua yalivyobadilika. Vita vya ushuru vilipiganwa na mawaziri na mabalozi mezani, na ushindi wake ukawa wa wakulima wote kwa pamoja. Vita vya viwango vinapiganwa ndani ya shamba la kila mkulima, na gharama yake hubebwa na kila mmoja kwa kadiri ya uwezo wake. Hapo ndipo penye mtihani wa chama kinachowaunganisha, yaani Baraza la Maua la Kenya, lijulikanalo kwa kifupi kama KFC.

Chama kilichozaliwa na soko

Kilimo cha maua cha kibiashara kilianza kupata nguvu nchini Kenya mwishoni mwa miaka ya 1960, wakati kampuni kutoka Denmark ilipoingia na kuanzisha mashamba ya maua kwa ajili ya kuuza Ulaya. Muda si mrefu kando za Ziwa Naivasha, umbali wa kilomita 90 hivi kaskazini-magharibi mwa Nairobi, zikawa kitovu cha biashara hiyo.

Sababu za kuchaguliwa kwa eneo hilo ni za kimaumbile. Naivasha ipo karibu na ikweta, ambako mchana ni wa takriban saa kumi na mbili mwaka mzima. Aidha, ipo katika mwinuko unaokaribia mita 1,900 kutoka usawa wa bahari, hivyo usiku huwa wa baridi, na waridi likikua polepole hutoa ua kubwa na shina refu. Ziwa lenyewe ni la maji baridi, tofauti na maziwa mengi jirani ya Bonde la Ufa ambayo ni ya magadi. Na uwanja wa ndege wa kimataifa wa Jomo Kenyatta upo umbali wa saa chache kwa barabara.

KFC ilianzishwa mwaka 1996 kama chama cha hiari cha wakulima na wauzaji maua nje. Wakati huo wanunuzi wa Ulaya walikuwa wameanza kuhoji dawa zinazopuliziwa maua, maji yanayotumika na hali ya wafanyakazi. Chama hicho kilijibu kwa kutunga kanuni za utendaji na kuweka utaratibu wa kukagua mashamba ya wanachama wake. Kwa maneno mengine, sauti ya mteja wa mbali ndiyo iliyowakusanya wakulima waliokuwa washindani katika mnada uleule.

Mnada huo, ambao makao yake makuu yapo Aalsmeer nchini Uholanzi, una utaratibu wa aina yake. Bei huanza juu na kushuka kwa kasi katika saa kubwa ya mnada, na mnunuzi wa kwanza kubonyeza kitufe ndiye anayepata mzigo. Mkulima aliyeko Naivasha hana kauli katika sekunde hizo chache. Ndiyo maana wengi waligeukia mikataba ya moja kwa moja na maduka makubwa ya Uingereza na kwingineko, ambako bei inajulikana mapema lakini masharti ni mengi zaidi.

Somo la mwaka 2014

Nguvu ya chama ilidhihirika zaidi mwaka 2014. Nchi za Jumuiya ya Afrika Mashariki zilikuwa zikijadiliana na Umoja wa Ulaya kwa miaka mingi bila kufikia mwafaka, na tarehe ya mwisho, Oktoba 1, ikapita. Tanzania, Uganda, Rwanda na Burundi hazikuwa na la kupoteza papo hapo, kwa kuwa zimo katika kundi la nchi zenye maendeleo duni zaidi, ambazo bidhaa zake huingia Ulaya bila ushuru kwa utaratibu mwingine. Kenya haimo katika kundi hilo. Maua yake yakaanza kutozwa ushuru wa kati ya asilimia 5 na 8.5.

Katika biashara ambayo faida ya shina moja ni senti chache, kiwango hicho kilikuwa pigo. Wakulima waliipigia serikali kelele, na katikati ya Oktoba mwaka huohuo majadiliano ya jumuiya yakakamilishwa. Ushuru uliondolewa Desemba 25, 2014, baada ya takriban miezi mitatu.

Hata hivyo, kukamilisha majadiliano si sawa na kutia saini. Septemba 2016, Kenya na Rwanda zilisaini. Tanzania ilikataa, kwa hoja kwamba mkataba huo ungeviweka viwanda vyake vichanga katika ushindani usio wa haki. Rais mstaafu Benjamin Mkapa alikuwa miongoni mwa waliopaza sauti kuupinga. Hoja hiyo haikuwa ya kubezwa, kwani ilihusu mustakabali wa viwanda vya ukanda mzima. Lakini kwa mfanyakazi wa Naivasha aliyekuwa akikata mashina, swali lilikuwa la karibu zaidi: je, shamba litakuwapo mwakani?

Hatimaye Kenya iliamua kwenda peke yake. Desemba 18, 2023 mkataba ulisainiwa Nairobi, na ndio ulioanza kutumika Julai mwaka uliofuata.

Kiwavi mmoja, shehena nzima

Mdudu anayeisumbua sekta sasa ni mwenyeji wa Afrika kusini mwa Sahara. Hushambulia machungwa, pilipili na mimea mingine mingi, na waridi ni mojawapo. Nondo jike hutaga mayai juu ya mmea, na kiwavi anapoanguliwa hupenya ndani ya tumba la ua. Kwa nje ua linaweza kuonekana zima. Umoja wa Ulaya unahofia mdudu huyo akaweka makazi katika mashamba ya matunda ya kusini mwa bara hilo, ndiyo maana kiwavi mmoja aliye hai akionekana bandarini au uwanjani, shehena nzima hukataliwa.

Masharti mapya yanamtaka mkulima afunge vivungulio vyake kwa nyavu zenye matundu madogo, aweke milango miwili ili nondo asipenye watu wanapoingia na kutoka, atege mitego na kuhesabu wadudu wanaonaswa, achambue maua kwa makini wakati wa kuyapanga, na atunze kumbukumbu zinazoonyesha kila fungu limetoka katika eneo lipi la shamba. Shirika la serikali la ukaguzi wa afya ya mimea, KEPHIS, ndilo linalopaswa kulithibitishia soko la Ulaya kwamba hayo yamefanyika.

Kwa shamba kubwa lenye mamia ya hekta, wataalamu wake wenyewe na mikopo ya benki, gharama hiyo ni nzito lakini inabebeka. Kwa mkulima mwenye hekta chache za maua, wavu, milango na watunza kumbukumbu wapya vinaweza kuwa ndio tofauti kati ya kuendelea na kufunga. Hatari iliyopo ni kwamba kanuni iliyokusudiwa kumzuia mdudu ikaishia kumzuia mkulima mdogo.

Masharti hayo hayaihusu Kenya peke yake. Ethiopia, ambayo imekuwa mshindani wake mkubwa barani, na Tanzania, ambako mashamba ya mawaridi yamejikita Arusha na chama cha wakulima wa mboga, matunda na maua, TAHA, kimekuwapo tangu mwaka 2004, nazo zinakabiliwa na lango hilohilo. Msamaha wa ushuru ambao Tanzania inaufurahia hauusaidii kitu mzigo uliokutwa na kiwavi.

Ziwa na ndege

Historia ya sekta hii inafundisha kwamba mambo yaliyoitikisa zaidi yalikuwa nje ya uwezo wa chama. Januari 2008, vurugu zilizofuata uchaguzi mkuu ziliifikia Naivasha, na wafanyakazi wengi wakakimbia makwao wiki chache tu kabla ya Siku ya Wapendanao, msimu ambao mkulima wa waridi jekundu huutegemea kuliko mwingine wowote. Aprili 2010, majivu ya volkano ya Eyjafjallajökull ya Iceland yalifunga anga la Ulaya kwa siku kadhaa, na tani kwa tani za maua zikatupwa Kenya. Machi 2020, janga la Uviko-19 lilisimamisha harusi, mazishi na sherehe za Ulaya kwa mpigo, bei za mnada zikaporomoka na maelfu ya wafanyakazi wakapelekwa likizo zisizo na uhakika.

Ziwa nalo lina mikondo yake. Mwanzoni mwa mwaka 2010 kina chake kilikuwa kimeshuka sana kutokana na ukame, na samaki wakafa kwa wingi. Muongo mmoja baadaye hali iligeuka: mwaka 2020 maji yalipanda na kuingia katika makazi ya Kihoto, wanakoishi wafanyakazi wengi wa mashamba, na hali hiyo ikajirudia mwaka 2025.

Utafiti uliochapishwa mwaka 2012 na Mesfin Mekonnen na wenzake ulikadiria kwamba waridi moja la Naivasha hutumia kati ya lita 7 na 13 za maji hadi kufikia kuuzwa. Kwa upande mwingine, uchunguzi wa Chuo Kikuu cha Cranfield cha Uingereza wa mwaka 2007 ulionyesha kwamba waridi la Kenya, hata baada ya kuhesabiwa safari ya ndege, lilisababisha hewa ukaa kidogo mara kadhaa kuliko lile la Uholanzi, ambalo wakati huo lilistawishwa kwa joto na taa za kununuliwa. Mteja wa Ulaya anayeuliza ni ua lipi lisilo na madhara hana jibu jepesi, kwani anayepunguza moshi huenda anaongeza kiu ya ziwa.

Baadhi ya wakulima wameanza kusafirisha maua kwa meli kupitia Mombasa, kwa kuwa nauli ni nafuu na hewa chafu ni kidogo. Lakini mashambulizi dhidi ya meli katika Bahari ya Shamu, yaliyoanza mwishoni mwa mwaka 2023, yalizilazimisha meli nyingi kuzunguka Rasi ya Tumaini Jema, na safari iliyokuwa ndefu ikazidi kurefuka. Ua haliwezi kungojea.

Mkono unaochuma

Mwaka 2018 mauzo ya maua ya Kenya nchi za nje yalipita shilingi bilioni 100, na kwa makadirio ya sekta yenyewe ajira za moja kwa moja ni zaidi ya laki moja, nyingi zikiwa za wanawake. Takwimu hizo hutajwa kila chama kinapokwenda serikalini kudai marejesho ya kodi au nafuu ya nauli za ndege, na ni haki yake kuzitaja.

Lakini zina upande wa pili. Mwanzoni mwa miaka ya 2000, watetezi wa haki za binadamu waliibua malalamiko kuhusu vibarua wasio na mikataba, dawa zinazopulizwa wafanyakazi wakiwa ndani, na unyanyasaji wa wanawake mashambani. Mengi yamerekebishwa katika mashamba yaliyokubali kukaguliwa, na mapatano ya pamoja kati ya waajiri na chama cha wafanyakazi, KPAWU, yameweka misingi. Hata hivyo, mshahara wa mchumaji umeendelea kuwa mdogo ukilinganishwa na bei za vyakula na kodi za nyumba za Karagita na Kamere.

Sasa, kila sharti jipya la Ulaya likiongeza gharama shambani, kishawishi cha mwajiri ni kuifidia kwa kubana pale panapobanika upesi. Wavu una bei yake, mbolea ina bei yake, ndege ina bei yake. Kinachoweza kupunguzwa kwa barua moja ni idadi ya watu.

Ndiyo maana kipimo cha Baraza la Maua katika miaka ijayo hakitakuwa idadi ya wanunuzi wanaohudhuria maonyesho ya Nairobi, wala uzito wa mikataba inayosainiwa Brussels. Mwaka 2014 chama kiliweza kuzungumza kwa sauti moja kwa sababu ushuru uliwaumiza wakubwa na wadogo kwa asilimia ileile. Nondo hafanyi hivyo. Iwapo mashamba makubwa yatashirikiana na madogo katika mafunzo, mitego na ununuzi wa nyavu, na iwapo mchumaji hatalipishwa gharama ya wavu, lango jipya litapitika. La sivyo, mkataba wa mwaka 2024 utabaki ufunguo mzuri mikononi mwa wachache. Wahenga walisema umoja ni nguvu, lakini nguvu hiyo hupimwa siku mzigo unapokuwa haulingani.