Mgeni na Jembe Lake

Ndugu zangu wa ukoo, wa hapa Birmingham na mlioko Maskati,

Limezuka miongoni mwetu neno lisilopendeza: ati wageni wanaoingia Uingereza leo wamezidi, na wana wetu watanyang'anywa kazi. Lingesemwa na wengine, ningenyamaza. Kulisema sisi, ambao wazee wetu walivuka bahari mara mbili, kutoka Oman hadi Unguja na kutoka Unguja hadi huku, si haki.

Kazi si sinia ya wali, kwamba akizidi mlaji mmoja wengine watalala na njaa. Mfanyakazi mpya hupanga nyumba, hununua chakula, hulipa kodi. Na matumizi yake humpa mwingine kazi. Tena wengi hufika wakiwa watu wazima: malezi yao na skuli walizosoma vilikwisha kulipiwa na nchi nyingine.

Itazameni Leicester, jirani yetu. Mwaka 1972, Idi Amin alipowafukuza Waasia wa Uganda, baraza la mji huo lilitia tangazo katika gazeti la Uganda Argus kuwanasihi wasiende huko. Watu wapatao 28,000 waliingia Uingereza, na wengi wakaenda Leicester vivyo hivyo. Wakafungua maduka na viwanda, wakawa waajiri katika mji uliowakataa.

Oman, kinyume chake, iliita. Sultani Qaboos aliposhika utawala mwaka 1970, aliwaita Waomani waliotawanyika ughaibuni, na ndugu zetu wa Unguja, waliokuwa wamesoma, wakaingia katika maofisi, skuli na hospitali za dola iliyokuwa ikijengwa.

Ni kweli kwamba nyumba hapa ni adimu na foleni za hospitali ni ndefu. Lakini ingieni wodini, mwone wauguzi na madaktari wangapi wamezaliwa ng'ambo.

Wahenga wetu walisema: mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Hapa, aombaye hifadhi kwa kawaida hawezi hata kuomba ruhusa ya kazi mpaka ombi lake likae miezi 12 bila ya uamuzi; kisha hulaumiwa kwa kula bure. Aliyenyimwa jembe halaumiwi kwa kutolima. Hilo ndilo la kulalamikia, na hilo ndilo la kuwaandikia wabunge wetu.

Wasalaam.