Msaada Una Tarehe ya Kuisha

Wasee wa Karatina mnaotengenezea watu tovuti, tuambiane ukweli. Mteja akikulipa hanunui kurasa tu. Ananunua pia mtu wa kushika simu siku tovuti ikigoma.

WordPress yenyewe ni ya bure, hivyo hakuna ofisi inayokudai majibu. Ndio maana watu hununua muundo wa kulipia, wakidhani msaada ni wa milele. Zii. ThemeForest hukupa msaada wa miezi 6, na ukiongeza pesa unafika 12. Matoleo mapya utaendelea kupata, lakini wa kukujibu maswali hayuko. Hata ndani ya hiyo miezi, wanajibu maswali kuhusu muundo wao na kusaidia na hitilafu zake tu. Kukuwekea ama kukubadilishia muundo si kazi yao. Na leseni ya kawaida ni ya tovuti moja, si ya wateja kumi.

Hapo sioni ubaya, masharti yameandikwa wazi. Ubaya ni fundi anayesajili leseni kwa imeili yake, anachukua pesa za mama wa duka la nguo, kisha anabadilisha laini. Msaada ukiisha, mama hata hajui ulikuwepo.

Ukiuziwa viazi vibovu soko la Karatina, kesho unampata muuzaji palepale. Fundi naye apatikane. Andika kwa risiti: leseni ni ya nani, msaada unaisha lini, na baada ya hapo nani analipwa ngapi. Nawe mteja, usitume M-Pesa kabla hujaiona hiyo karatasi.