Zabuni za ujenzi: aliyeshindwa aonyeshwe hesabu

Mkandarasi anayeomba kazi ya serikali huanza kutoa fedha kabla hajajua kama kazi ataipata. Hulipia dhamana ya zabuni benki, humtuma mhandisi kuangalia eneo la ujenzi na humlipa mkadiriaji majenzi wa kupanga bei. Akishindwa, gharama hizo hazirudi. Hiyo ni hasara ya kawaida ya biashara na makandarasi wengi wanaikubali. Wasichokubali ni kushindwa kwa kipimo ambacho hawakukiona walipokuwa wakiomba.

Hapo ndipo ugomvi mwingi unapoanzia. Zabuni hufunguliwa hadharani na kila mzabuni anajua mwenzake ameandika bei gani. Baada ya hapo kamati ya tathmini hujifungia na makabrasha, na wiki kadhaa baadaye hutoka jina la mshindi. Aliyesikia kwamba bei yake ndiyo ya chini hupokea barua fupi ya kumshukuru kwa kushiriki. Kutoka siku hiyo maneno huanza: wamekula, wamepanga, walikuwa na mtu wao. Mara nyingine maneno hayo ni kweli. Mara nyingine ni hasira tu ya mtu ambaye hakuelezwa.

Tanzania haina upungufu wa sheria katika jambo hili. Sheria ya Ununuzi wa Umma ya mwaka 2004 iliunda mamlaka ya kudhibiti ununuzi, PPRA, na ipo pia mamlaka ya kusikiliza rufani za zabuni, PPAA. Sheria hiyo ilifuatiwa na ya mwaka 2011, kisha ya mwaka 2023. Kanuni ya msingi imebaki ile ile: vigezo viandikwe katika kabrasha la zabuni, na mzabuni apimwe kwa vigezo hivyo, si kwa vingine vilivyobuniwa baada ya bahasha kufunguliwa.

Tabu iko katika kuitumia kanuni hiyo. La kwanza ni bei. Sheria haisemi kazi apewe aliyeandika tarakimu ndogo kuliko wote, bali huangalia bei baada ya tathmini. Mfano wa kubuni unatosha kuonyesha tofauti hiyo. Kampuni ya kwanza imesoma Sh 900 milioni na ya pili Sh 940 milioni. Kamati inapopitia hesabu inakuta kampuni ya kwanza ilikosea kuzidisha kiasi cha zege kwa bei yake ya kila mita ya ujazo, na jumla iliyosahihishwa ni Sh 960 milioni. Sasa ya pili ndiyo nafuu. Kamati haikumdhulumu mtu, lakini kama kampuni ya kwanza haikuonyeshwa sahihisho hilo, itaamini imeibiwa, na haiwezi kulaumiwa kwa kuamini hivyo.

La pili ni kasoro. Kukosa dhamana ya zabuni ni kosa kubwa, na kusahau kugonga mhuri ukurasa mmoja ni kosa dogo. Matatizo huja pale kosa dogo la kampuni moja linapoitoa mashindanoni, huku la jirani yake likifumbiwa macho. La tatu ni uzoefu. Kabrasha likisema mzabuni awe amefanya "kazi inayofanana", bila kutaja ukubwa wala idadi ya miaka, kila mjumbe wa kamati atakuwa na tafsiri yake. Aliyejenga zahanati tatu ana uzoefu wa kujenga hospitali ya wilaya au hana? Swali hilo lilipaswa kujibiwa siku kabrasha lilipoandikwa.

Wakala za serikali nazo zina hoja zao, na ni za haki. Bei ya chini kupita kiasi mara nyingi huishia kwenye greda lililoegeshwa kando ya barabara na mkandarasi anayedai malipo ya ziada. Tena, tathmini ya haraka ina gharama zake. Nchini Uganda, mwaka 2013, kazi ya barabara ya Mukono hadi Katosi, yenye urefu wa kilometa 74, ilipewa kampuni iliyojitambulisha kuwa ya Marekani. Malipo ya awali ya zaidi ya shilingi bilioni 24 za nchi hiyo yalikwisha kutolewa ndipo ikabainika kwamba kampuni hiyo siyo iliyodhaniwa. Kamati inayochukua muda kuhakiki nyaraka inalinda fedha za walipa kodi.

Mwaka huo huo, nchini humo, kazi ya bwawa la umeme la Karuma la megawati 600 iliingia katika mgogoro wa nani alistahili kushinda. Mkaguzi Mkuu wa Serikali, IGG, alipendekeza zabuni ifutwe kwa kasoro za tathmini. Mwishowe serikali iliipa kazi kampuni ya Sinohydro kwa makubaliano ya moja kwa moja. Bwawa lilijengwa na kuzinduliwa Septemba 2024, lakini kampuni zilizoingia gharama za kushindana ziliona jibu likitoka nje ya meza ya tathmini. Mashindano ya namna hiyo huwafukuza wazabuni wazuri, na bei za zabuni zinazofuata hupanda.

Ni kweli pia kwamba wako makandarasi waliogeuza malalamiko kuwa mtaji. Hushindwa kihalali, kisha hulalamika ili kazi isimame na mshindi achoke. Wakati huo mvua huingia, saruji na nondo hubadilika bei, muda wa uhai wa zabuni hukaribia kwisha, na wanafunzi huendelea kusoma chini ya mti. Serikali imejaribu kutibu hilo kwa kupunguza siku. Chini ya sheria ya mwaka 2011 wazabuni walipewa siku 14 za kupinga kusudio la kutoa zabuni, na marekebisho ya mwaka 2016 yakazifanya siku saba za kazi.

Kupunguza siku peke yake si dawa. Asiyejua kwa nini ameshindwa hukata rufani ili ajue, na siku zikiwa chache hukata kwa pupa. Dawa iliyo rahisi zaidi ni kwamba kila mzabuni, pamoja na taarifa ya kusudio, apewe karatasi inayoonyesha bei yake kabla na baada ya kusahihishwa, kila kigezo alichofaulu au kushindwa, na kifungu cha kabrasha kilichotumika. Mwenye haki ataona pa kushika, na mlalamishi wa mazoea atakosa la kusema. Ofisa masuuli naye atafikiri mara mbili kabla ya kusaini kitu asichoweza kukieleza.

Gharama yake ni ndogo, hasa baada ya mfumo wa kielektroniki wa NeST kuanza kutumika mwaka 2023. Mfumo huo unatunza kumbukumbu, ingawa hauwezi kumfanya mjumbe wa kamati awe mwadilifu. Haja nayo imekuwa kubwa. Kanuni za mwaka 2024 zimetengea kampuni za wazawa kazi za ujenzi zisizozidi Sh 50 bilioni. Kampuni hizo sasa zitagombania kazi kubwa zaidi zenyewe kwa zenyewe, na nyingi hazina akiba ya kuhimili zabuni tatu zilizopotea bila maelezo. Upendeleo huo utawafaa wazawa ikiwa aliyeshindwa leo ataelezwa alipokosea, arekebishe na kurudi kushindana kesho.